Maswali ya wasomaji: nani anakata pesa ya shomaji, na kwa hesabu gani?

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Lubumbashi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: ndugu wa ng'ambo amepoteza kazi, serikali ya huko inamlipa, pesa inafika nyumbani kwa miezi kadhaa, kisha inakatika ghafla. Tumejibu saba. Neno "shomaji" tumeliacha kama linavyosemwa mjini, na "yaya" ni ndugu mkubwa. Tukiandika "mafao ya kukosa kazi" ni kitu kile kile.

Mwaka 2021 mdogo wangu aliyeko Iowa alituambia shomaji yake imekatwa mwezi wa sita. Binamu yetu wa Kentucky, aliyepoteza kazi siku zile zile, aliendelea kupokea mpaka mwezi wa tisa. Familia ikasema mdogo wangu alikula pesa ya matibabu ya mama. Mpaka leo hawasalimiani vizuri. Nani alisema kweli? (Msomaji wa Katuba)

Wote wawili walisema kweli, yaya.

Huko Marekani shomaji si mfuko mmoja wa taifa. Kila jimbo lina sheria yake, mfuko wake na ofisi yake, na Washington, yaani serikali kuu, inaweka mipaka na kuchangia. Covid ilipoanza, sheria ya tarehe 27 Machi 2020 iliongeza vitu vitatu juu ya mafao ya kawaida. Kwanza, dola 600 kila wiki kwa kila mpokeaji hadi mwisho wa Julai 2020. Zikarudi mwishoni mwa Desemba zikiwa dola 300. Pili, wiki za ziada kwa waliokwisha kumaliza zao. Tatu, mafao kwa watu wanaojitegemea, kama dereva wa teksi, ambao siku za kawaida hawana haki yoyote ya shomaji.

Tarehe ya mwisho kwa nchi nzima ilikuwa 6 Septemba 2021. Lakini kila jimbo liliingia kwa mkataba, na mkataba huo uliruhusu jimbo kujitoa kwa taarifa ya siku 30. Magavana wa karibu nusu ya majimbo walijitoa mapema, wakisema waajiri wanakosa wafanyakazi. Iowa ilitoka tarehe 12 Juni, Texas tarehe 26 Juni. Kentucky haikutoka. Maryland ilitaka kutoka, mahakama ikaizuia.

Kwa hiyo zile dola 300 na wiki za ziada zilimwishia mdogo wako Juni, na binamu akaendelea kuzipata hadi Septemba, bila mmoja wao kufanya kosa lolote. Swali moja tu la haki linabaki la kumuuliza: Juni ile, wiki zake za kawaida zilikuwa zimebaki ngapi? Wakati ule Iowa ilikuwa inatoa hadi wiki 26 za kawaida. Kama zilikuwa zimekwisha, alibaki na sifuri. Kama zilikuwa bado, aliendelea kupata mafao ya kawaida bila zile 300, na hapo familia ina la kuzungumza naye, kwa upole.

Mipango hiyo ya Covid imekufa kabisa. Anayekupigia simu leo akitaka dola 50 ili "afungue faili ya pesa ya Covid" ni mwizi.

Kama ya Covid imekufa, nyongeza gani imebaki? Na inaisha vipi? Naomba hesabu, si maneno. (Mwalimu wa hesabu, Kamalondo)

Imebaki moja ya kudumu, ya wiki za ziada kwa aliyemaliza zake za kawaida, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1970. Inaweza kulala miaka mingi, ikaamka pale ukosefu wa kazi katika jimbo fulani unapopanda. Gavana haiwashi wala haizimi kwa kupenda kwake. Ni swichi inayosukumwa na namba. Tofauti na umeme wa mitaani kwetu, hii hukatwa kwa ratiba ambayo mtu anaweza kuihesabu mwenyewe kwa kalamu.

Namba ya kwanza tuiite kiwango cha wenye bima. Chukua wastani wa watu wanaodai mafao ya kawaida kila wiki katika wiki 13 zilizopita, gawanya kwa idadi ya wafanyakazi ambao kazi zao zina bima ya shomaji, zidisha kwa 100. Nyongeza huwaka pale kiwango hicho kinapofika asilimia 5 na, wakati huo huo, kinapokuwa angalau asilimia 120 ya wastani wa wiki zile zile 13 katika miaka miwili iliyotangulia. Masharti yote mawili, si mojawapo. Kipimo hiki ni cha lazima kwa kila jimbo. Jimbo likitaka, linaweza kuandika katika sheria yake kwamba kiwango kikifika asilimia 6 hakuna tena haja ya kulinganisha na zamani.

Namba ya pili ni kiwango cha jumla: watu wote wasio na kazi wanaoitafuta, wenye bima na wasio nayo, kama wanavyohesabiwa na ofisi ya takwimu za kazi. Hapa huchukuliwa wastani wa miezi 3, baada ya kuondoa mawimbi ya msimu (wajenzi hukosa kazi kila kipupwe, na hilo halina maana kwamba uchumi umeanguka). Nyongeza huwaka wastani ukifika asilimia 6.5 na ukiwa angalau asilimia 110 ya miezi ile ile katika mwaka mmojawapo kati ya miwili iliyopita. Kipimo hiki kiliruhusiwa mwaka 1992 na ni cha hiari. Jimbo lililokikubali, likifika asilimia 8 na kutimiza ile 110, linarefusha nyongeza kutoka wiki 13 hadi 20.

Sasa hesabu, mwalimu. Jimbo lina kiwango cha wenye bima cha asilimia 5.5. Mwaka jana kipindi hiki kilikuwa 4.6, mwaka juzi 4.2, wastani wake ni 4.4. Gawanya 5.5 kwa 4.4, unapata 1.25, yaani asilimia 125. Imewaka. Baada ya wiki kadhaa kiwango kinashuka hadi 5.2, na tuseme wastani wa zamani umebaki 4.4. 5.2 kwa 4.4 ni asilimia 118. Imezimika, ingawa 5.2 bado iko juu ya 5. Wengi hukosea hapa: hutazama sharti la kwanza peke yake, wakashangaa.

Kiwango cha jumla nacho: sasa 6.8, mwaka jana 6.4, mwaka juzi 6.0. Ukilinganisha na mwaka jana unapata asilimia 106, haitoshi. Ukilinganisha na mwaka juzi unapata 113, inatosha, na mwaka mmoja ukitosha basi. Kikishuka hadi 6.5 wakati namba za zamani hazijabadilika, 6.5 kwa 6.0 ni 108. Imezimika.

Kuzimika kwa namba hakukati pesa siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza ambayo hakuna kipimo chochote cha jimbo kinachotimia huandikwa kuwa wiki ya kuzima, kisha nyongeza huendelea hadi mwisho wa wiki ya tatu inayofuata. Wiki yao huisha Jumamosi. Tuseme wiki ya kuzima ni ile iliyoisha Jumamosi tarehe 10 Januari 2026: wiki ya mwisho ya kulipwa itakuwa ile inayoisha tarehe 31 Januari. Kuna kufuli mbili juu ya hayo. Ikishawaka, nyongeza haiwezi kudumu chini ya wiki 13, hata namba zikianguka upesi. Na ikishaisha, haiwezi kuanza tena kabla ya wiki ya 14. Katika mfano wetu, hata mambo yakiharibika vibaya Februari, wiki ya kwanza inayoweza kulipwa tena ni ile inayoisha tarehe 9 Mei. Wizara ya Kazi ya Marekani hutoa kila wiki jedwali linaloonyesha kila jimbo limewaka au limezima, na tangu tarehe gani.

Mtego mmoja haumo katika namba hizi. Kwa kawaida gharama ya nyongeza hugawanywa nusu kwa nusu kati ya Washington na jimbo. Kuanzia 2009 hadi mwisho wa 2013, na tena kuanzia Machi 2020 hadi Septemba 2021, Washington ilibeba karibu gharama yote. Majimbo kadhaa yaliandika katika sheria zao kwamba yatatumia kiwango cha jumla kwa muda ule tu ambao Washington inalipa yote. Katika majimbo hayo nyongeza inaweza kufa siku mchango unapopungua, namba zikiwa bado juu.

Nasoma uchumi. Kama nyongeza ni ya kusaidia wasio na kazi, mbona inaisha wakati bado hawana kazi? Hesabu hiyo si ina kasoro? (Mwanafunzi wa UNILU)

Ina kasoro, na wanaoijua vizuri wanakubali hivyo. Tazama kiwango cha wenye bima: kinahesabu wanaodai mafao ya kawaida tu. Mtu akimaliza wiki zake anatoka kwenye hesabu, awe amepata kazi au amekaa sebuleni. Hadi mwaka 1981 waliokuwa kwenye nyongeza walihesabiwa pia. Mabadiliko ya mwaka huo yakawaondoa, yakapandisha kizingiti kutoka asilimia 4 hadi 5, na yakafuta swichi ya taifa iliyokuwa ikiwasha majimbo yote kwa pamoja. Tangu hapo kiwango kinaweza kushuka kwa sababu watu wamechoshwa na mfumo, si kwa sababu viwanda vimeajiri.

Ongeza jambo hili: jimbo likifupisha mafao ya kawaida, watu hutoka kwenye hesabu mapema zaidi. Iowa ilipunguza wiki za kawaida kutoka 26 hadi 16 kuanzia Julai 2022. Kwa msukosuko ule ule wa uchumi, jimbo la wiki 16 litafika asilimia 5 kwa taabu kuliko jimbo la wiki 26. Kwa maoni yetu hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote katika habari hii, na hakisemwi vya kutosha: uamuzi wa wiki za kawaida, unaopitishwa miaka ya neema, ndio unaoamua kimyakimya kama nyongeza itawaka miaka ya shida.

Kasoro ya pili ni ile ya kulinganisha na zamani. Chukua jimbo lililokuwa na asilimia 2.0 kwa miaka, likaanguka. Mwaka wa kwanza wa shida lina 5.5, ukigawanya kwa 2.0, umevuka 120 mbali sana. Mwaka wa pili 5.6, wastani wa miaka miwili iliyopita ni 3.75, unapata asilimia 149, bado imewaka. Mwaka wa tatu tena 5.6, wastani sasa ni 5.55, unapata asilimia 101. Imezimwa. Hakuna aliyepata kazi kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Ubaya umezoeleka tu, na mashine inapima kuongezeka kwa ubaya, haipimi ubaya wenyewe. Ndiyo sababu, baada ya msukosuko wa 2008, sheria ya Desemba 2010 iliruhusu majimbo kwa muda kulinganisha na miaka mitatu iliyopita badala ya miwili. Ruhusa hiyo iliisha mwishoni mwa 2013.

Mwaka huo wa 2013 una funzo jingine la darasani kwako. North Carolina ilikata mafao yake ya kawaida, na kwa kufanya hivyo ikavunja sharti la mpango wa dharura wa Washington wa wakati ule. Wapokeaji wake wa wiki za dharura walikatwa kuanzia Julai 2013, miezi sita kabla ya wenzao wa majimbo mengine.

Mume wangu yuko Marekani na kiwanda kimemwachisha kazi. Pesa yake ndiyo inalipa minervali (karo ya shule) ya watoto wanne na nyumba. Nataka kujua ana wiki ngapi kwa jumla, na nijipange vipi. (Mama wa Ruashi)

Mama, muulize vitu vitatu: yuko jimbo gani, analipwa kiasi gani kwa wiki, na barua yake ya kwanza kutoka ofisi ya jimbo inasema jumla ya haki yake ni dola ngapi. Gawanya jumla kwa kiasi cha wiki, hapo una idadi ya wiki (au maposho, kama wanavyosema wazee wa Lubumbashi). Majimbo mengi hufika 26, mengine ni machache zaidi, na si kila mtu hupata idadi ya juu; inategemea alivyofanya kazi mwaka uliotangulia.

Nyongeza, ikiwa imewaka katika jimbo lake, humpa kiasi kile kile kwa wiki. Jumla yake ni nusu ya haki ya kawaida, isiyozidi wiki 13. Mtu wa dola 400 kwa wiki 26 ana dola 10,400, na nyongeza yake ni 5,200, wiki 13. Mtu wa dola 400 katika jimbo la wiki 16 ana dola 6,400, na nyongeza yake ni 3,200, wiki 8 tu. Usimwulize kwa nini jirani alipata 13. Wakati jimbo liko kwenye kile kiwango cha asilimia 8, nusu hiyo inakuwa asilimia 80, isiyozidi wiki 20.

Sasa sikia vizuri: ana saa mbili ukutani. Moja ni salio lake mwenyewe, nyingine ni tarehe ya jimbo kuzima, na inayogonga kwanza ndiyo inayokata. Akianza nyongeza wakati jimbo limebakiza wiki 5, atalipwa 5 na zile nyingine 8 zitayeyuka. Hazihifadhiwi wala hazidaiwi baadaye, na hakuna rufaa dhidi ya tarehe ya jimbo. Kwa hiyo usiweke nyongeza kwenye bajeti mpaka barua ya ofisi imefika mkononi mwake, na hata ikifika, lipa minervali kwa vipande vifupi, usiahidi shule mwaka mzima.

Wengi huipoteza nyongeza hata kabla ya saa hizo kugonga. Masharti yake ni makali kuliko ya mafao ya kawaida. Anatakiwa awe alifanya kazi ya bima ya siku nzima kwa wiki 20 katika kipindi kinachohesabiwa, au awe na mshahara unaolingana na hizo. Anatakiwa kuonyesha kila wiki kwamba anatafuta kazi kweli: jina la mwajiri, tarehe, njia aliyotumia. Kama uwezekano wake wa kupata kazi ya ujuzi wake ni mdogo, hawezi kukataa kazi ya chini kwa sababu tu si ya ujuzi wake. Akikataa, au akiacha kutafuta, anakatwa mpaka afanye kazi angalau wiki 4 na apate mara nne ya kiasi chake cha wiki.

Kuhama kuna mtego wake. Akiwa anadai kutoka Kentucky akahamia Texas kumfuata kaka, dai linabaki la Kentucky. Kama Texas haijawasha nyongeza, atalipwa wiki 2 tu za nyongeza baada ya kuhamia, kisha basi. Ahamie kwa sababu ya kazi iliyo mkononi, si kwa sababu chumba ni rahisi.

Akinyimwa na kukata rufaa, asiache kujaza dai lake la kila wiki. Akishinda, watamlipa wiki alizojaza; zile alizoziacha wazi ni vigumu sana kuzirudisha. Na mafao haya hutozwa kodi ya taifa: asipoomba wakate asilimia 10 kila wiki, mwezi wa nne wa mwaka unaofuata atadaiwa kwa mkupuo, na ninyi ndio mtakaoona pengo.

Tuna dada Brussels na kaka Montreal, wote wanapokea shomaji. Na huko ni swichi ile ile? (Msomaji wa Kampemba)

Hapana, kila nchi na dawa yake. Kanada imegawanywa katika mikoa 62 ya bima. Kiwango cha ukosefu wa kazi cha mkoa hupitiwa kila mwezi, nacho huamua mtu anahitaji saa ngapi za kazi (420 hadi 700) na atapata wiki ngapi (14 hadi 45). Lakini idadi hiyo hufungwa siku dai linapofunguliwa. Kiwango kikishuka mwezi unaofuata, kaka yenu hapunguziwi kitu.

Ubelgiji ilikuwa na sifa ya shomaji isiyo na mwisho, iliyopungua kidogo kidogo tu. Mageuzi ya mwaka 2025 yameweka kikomo cha miezi 24, na kundi la kwanza kukatwa, tarehe 1 Januari 2026, ni la waliokuwa nje ya kazi kwa miaka 20 na zaidi. Huko tarehe imeandikwa katika sheria, hali ya soko la kazi haiulizwi. Ufaransa iko katikati: tangu Februari 2023 muda umepunguzwa kwa robo, na robo hiyo hurudishwa ikiwa ukosefu wa kazi umepita asilimia 9 au umepanda kwa pointi 0.8 ndani ya miezi mitatu.

Nimefanya kazi miaka 9 katika kampuni ya usafirishaji, nimeachishwa. CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) walinikata kila mwezi. Kwa nini hawanipi shomaji? (Baba wa familia, barabara ya Kasumbalesa)

Kwa sababu haimo. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ina matawi matatu: pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na mafao ya familia. Kati ya asilimia 18 ya mshahara zinazolipwa, mwajiri hutoa 13 na wewe 5, na hizo 5 zako zote ni za pensheni. Hakuna senti iliyowekwa kwa ajili ya kukosa kazi.

Ulicho nacho ni preavi (notisi ya kuachishwa kazi), na watu wengi huiachia. Kwa kontra (mkataba wa kazi) isiyo na muda, Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inampa mfanyakazi anayeachishwa angalau siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka uliotimia. Miaka 9 mara 7 ni 63. Ongeza 14, ni siku 77. Kama ulitolewa bila kuachwa uzimalize kazini, unalipwa thamani yake. Kwa mshahara wa dola 260 na mwezi wa siku 26 za kazi, siku moja ni dola 10, kwa hiyo preavi ni dola 770. Likizo usiyochukua na mshahara uliobaki huhesabiwa pembeni, usikubali vichanganywe. Dekonti finali (hesabu ya mwisho ya malipo yako) inatakiwa ilipwe ndani ya siku 2 za kazi baada ya siku yako ya mwisho. Preavi hufutwa kwa kosa zito tu, nalo lazima liandikwe.

Usiposikilizwa, anza kwa Mkaguzi wa Kazi. Mahakama ya Kazi haipokei kesi ambayo haijapita kwake kwa upatanisho. Usikawie: dai la mshahara hufa baada ya mwaka 1, madai mengi mengine ya kontra baada ya miaka 3. Na usisaini karatasi inayosema "nimepokea vyote" huku mfuko ukiwa mtupu. Wazee wa Gécamines walioondoka kwa hiari mwaka 2003, zaidi ya elfu kumi, waliondoka na malipo ya mara moja. Wengi mjini bado huyaita shomaji, lakini yalikuwa fidia ya kufunga hesabu.

Yaya yangu yuko kwenye shomaji Marekani. Baba amefariki, anataka kuja matanga wiki mbili. Watamkata? (Kijana wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Pole sana kwa msiba. Wiki atakazokuwa Lubumbashi hazitalipwa, kwa sababu kwa kawaida aliye nje ya nchi hahesabiwi kuwa tayari kuanza kazi. Hilo si kufungiwa. Aseme ukweli kwenye dai la wiki hizo, na akirudi afungue dai lake tena. Asimwachie rafiki namba yake ya siri amjazie huku yeye yuko msibani. Ikigundulika atarudisha pesa yote na faini isiyopungua asilimia 15 juu yake.

Kama yuko kwenye mafao ya kawaida, wiki mbili hizo zinabaki katika salio lake, mradi azitumie ndani ya mwaka wa dai lake. Kama yuko kwenye nyongeza, aangalie kwanza tarehe ya jimbo. Salio linamngoja, jimbo halimngoji.